Chupa Ndani ya Soksi

Jumamosi iliyopita tulikuwa watu sita mezani hapa Mainz, na katikati ya meza zilisimama chupa sita zilizovikwa soksi. Soksi za kweli, za mguuni, zimefuliwa, kila moja imebandikwa namba. Masharti hayabadiliki: kila mtu alete chupa moja ya mvinyo isiyozidi euro 15, mwenyeji wetu azifunike na kuzichanganya hata mwenye chupa asiitambue, lebo zionekane mwisho. Chupa moja ni mililita 750. Watu sita, chupa sita. Piga hesabu mwenyewe uone kila mmoja angeondoka na kiasi gani tumboni. Ndiyo maana pembeni kuna jagi la kutemea. Mwaka wa kwanza niliona ni tusi. Kutema kinywaji cha mtu, mbele yake! Nilimeza vyote kwa adabu, na kufikia namba tano mwandiko wangu ulikuwa unapanda mlima.

Mainz iko Rheinhessen, eneo lenye mizabibu mingi kuliko yote Ujerumani, kwa hiyo mvinyo hapa si mambo ya wakubwa. Fundi bomba wangu ana maoni makali kuhusu zabibu za Silvaner. Kuonja nako kuna utaratibu wake: inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe uone rangi, izungushe, nusa, piga funda dogo, lizungushe mdomoni, tema, andika. Kimya kabisa. Halafu ndipo watu wanataja walichokipata: peasi, siagi, jiwe lililolowa. Nilihangaika sana na msamiati huo, mpaka siku waliponieleza tanini, ile inayokausha ulimi na kubana mashavu. Nikacheka. Kumbe ukakasi! Mtoto yeyote aliyewahi kuuma ndizi mbichi anaujua kabla hajaanza shule.

Kwetu Kibosho, Kilimanjaro, pombe ya mbege haivishwi soksi. Itafichwaje? Ndizi mbivu zimechemka saa nyingi, zimeachwa siku kadhaa zichachuke, ulezi umeoteshwa, ukasagwa na kupikwa uji, magome ya msesewe yametiwa yalete uchungu. Jirani gani hajui nani anapika? Na aliyeileta ndiye anayeonja kwanza, mbele ya watu wote. Nakumbuka kikao cha mahari cha binamu yangu. Kijana wa upande wa pili aliweka ndoo chini, akarudi nyuma kwa haya. Wazee wetu wakaendelea kuzungumzia mvua. Ndoo ipo, kata ipo, hakuna mkono ulionyooka, na mvua ikazungumzwa kuanzia masika mpaka vuli. Mjomba wake akamsukuma begani. Akachota, akanywa, akajifuta mdomo, akampa babu kata kwa mikono miwili. Hapo ndipo tukasikia habari za ng'ombe. Hofu ya sumu ni ya zamani na haitajwi kwa jina. Aliyeleta anaimaliza kwa funda moja.

Huku nako wana kitu kama hicho, ila sababu ni nyingine. Mhudumu wa mgahawa humimina kidogo kwa aliyeagiza, naye ananusa kama kizibo kimeharibu mvinyo, maana ukiharibika hunuka kadibodi yenye unyevu. Anayechunguzwa pale ni kizibo, si mtu.

Na ubaya wa mbege hausemwi mbele ya mpishi. Ikiharibika tunasema "imelala kidogo," tunamaliza kata. Sasa sikiliza yaliyonikuta. Namba nne ilipofika, rafiki yetu mmoja, mwalimu wa kemia, alisema bila kupepesa macho: "Imepigwa jua sana, haina uchachu wa kuishika." Soksi ikavuliwa. Ni yangu, nyekundu ya Dodoma, zabibu za Makutupora, kaka yangu aliibeba kwenye sanduku. Nilianza kuwaeleza kwamba kule mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, sauti yangu ikipanda. Mwalimu hakuomba radhi, akaniuliza kwa hamu kama mavuno yote mawili yana ladha moja. Nikafungua daftari langu nipate cha kumjibu. Kwenye namba nne nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: "Tamu mno. Imelala."

Tangu hapo nimezikubali soksi. Zabibu za Dodoma zinastahili kuambiwa ukweli, na mimi nikiiona lebo siwezi kuwaambia. Mbege ni habari nyingine. Ile naitaka na mtu wake pembeni.

Kwa hiyo wewe unayekuja Desemba, usinibebee mbege, itachacha kabla hujafika Frankfurt. Niletee Dodoma ya mavuno yote mawili, nipate cha kumjibu mwalimu. Forodha ya Umoja wa Ulaya inamruhusu mtu mzima lita 4 za mvinyo bila ushuru, yaani chupa tano na nafasi kidogo. Zifunge kwenye kanga katikati ya sanduku. Soksi ninazo.