Safari ya Ujiji na Maswali ya Waliobaki

Wengi wenu mlituuliza kwenye foleni ya maji: "Walimu, safari ya Ujiji ilikuwaje?" Tukawa tunajibu kwa kifupi tu kwa sababu ndoo zilikuwa zinatungoja. Sasa tunaeleza yote. Mwisho kuna tangazo, kwa hiyo tafadhali someni mpaka mwisho.

Darasa letu la sita lina wanafunzi 61. Kibali cha kutoka kambini tuliomba tangu mwezi wa saba. Kilipotoka mwezi wa kumi, kilikuwa cha watu 15 tu, siku moja, na kurudi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Walimu watatu, wanafunzi 12. Tulipiga kura kwa vikaratasi ndani ya kopo la mafuta ya msaada. Waliokosa walikuwa 49, na hatukujua la kuwaambia. Aliyetuokoa ni kijana mmoja anayekaa nyuma kabisa. Alisimama akasema: "Mwalimu, kama mimi siendi, basi swali langu liende." Ndipo kila aliyebaki akaandika swali moja. Tukayatia maswali 49 katika kopo lile lile, tukaondoka nalo.

Gari liliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, vumbi limelala, na watu wa Kasulu walikuwa shambani na majembe. Watoto waliimba mpaka sauti zikakauka. Lakini tulipofika mahali ambapo barabara inashuka na ziwa likaonekana, wote walinyamaza kimya. Mjue kwamba karibu wote wamezaliwa hapa kambini. Ziwa Tanganyika kwao ni hadithi ya wazazi: usiku, mtumbwi, kelele za injini, mtoto kuzibwa mdomo asilie. Msichana mmoja alitazama akauliza: "Kumbe lina rangi nzuri hivi?" Hakuna aliyejibu.

Ujiji ni mji mkongwe, kilomita chache kusini ya Kigoma mjini, na leo miji hiyo miwili ni manispaa moja. Una miembe mikubwa, michikichi, misikiti, na akina mama wanaokaanga migebuka na dagaa. Jumba la makumbusho lipo kwenye kiwanja chenye miti, mahali ambapo Henry Morton Stanley alimkuta Daktari David Livingstone mwaka 1871. Pana mnara wa mawe wa mwaka 1927. Mwembe wa zamani ulishakufa. Iliyopo sasa, tuliambiwa, ni uzao wa ule wa kwanza. Ndani kuna sanamu za wale wazungu wawili wakisalimiana, na picha na maelezo ya biashara ya watumwa na ya misafara.

Mwongozaji wa pale alikuwa baba mpole. Alipoona kopo aliuliza ni la nini. Tulipomweleza, alicheka, kisha akakaa chini ya mwembe akasema: "Haya, tuanze na hao wasiokuwepo." Kwa hiyo hatukutembezwa kama wageni wengine. Tulisomewa maswali.

Swali moja lilisema: "Walijuaje tarehe, na kalenda hawakuwa nayo?" Swali zuri kabisa. Iliyoandikwa ni 10 Novemba 1871, lakini wanahistoria wengine wanahesabu kwamba ilikuwa siku kadhaa mapema, maana wote wawili walikuwa wameugua homa wakapoteza hesabu ya siku. Watoto walifurahi mno kusikia kwamba hata watu wa vitabuni wanakosea hesabu.

Lingine: "Kwa nini jiwe lina majina mawili tu? Mizigo ilibebwa na nani?" Hapo baba yule alituliza kidogo, akaanza kutaja. Sidi Mubarak Bombay, Myao, alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapelekwa India. Baadaye akawa huru akarudi Afrika. Ndiye aliyefika na Burton na Speke Ujiji mwaka 1858, akaja tena na Stanley mwaka 1871, kisha akavuka bara zima na Cameron kati ya 1873 na 1875. Akawataja Susi na Chuma. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi inayoitwa leo Zambia, wao na wenzao walizika moyo wake pale pale, wakakausha maiti, wakaibeba kwa miguu miezi kama tisa mpaka Bagamoyo. Na Wanyamwezi wengi walifanya kazi ya upagazi kwa mshahara. Mwanafunzi wetu mmoja alisema kwa sauti: "Basi hao ndio waliotembea, na wengine ndio walioandikwa." Tulimwambia aandike hivyo hivyo katika daftari lake.

Swali la tatu lilikuwa fupi: "Kuna mtu wa kwetu hapo?" Mwandishi wake ni yule kijana wa nyuma, ambaye wazazi wake wametoka Kasongo, Maniema.

Kumbe jibu lilikuwa refu kuliko yote. Kabla ya kukutana na Stanley, Livingstone alikuwa Nyangwe, kwenye mto Lualaba, huko huko Maniema. Tarehe 15 Julai 1871 aliona watu wa wafanyabiashara wakifyatua bunduki sokoni, sokoni kabisa, ambako akina mama walileta samaki na vyungu. Mamia waliuawa au walizama mtoni wakikimbia. Yeye aliumia moyo akarudi Ujiji akiwa mgonjwa, bila mali. Habari aliyoiandika ilisomwa Uingereza, ikaongeza nguvu ya wale waliokuwa wanadai biashara hiyo ikome, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa.

Na waliotekwa walipitia wapi? Walivushwa ziwa, wakatua Ujiji, wakaanza njia ya Tabora mpaka Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,200. Tangu mwaka 2006 njia hiyo imo katika orodha ya mapendekezo ya urithi wa dunia ya UNESCO. Pamoja na watu zilipita pembe za ndovu, ambazo Ulaya na Marekani zilitengenezwa vinanda na mipira ya mchezo. Lakini si wote waliofika pwani. Wengine walibaki hapa hapa wakaoa, wakaolewa, wakajenga. Mpaka leo Wamanyema ni watu wanaojulikana Ujiji.

Hilo tulilithibitisha ufukweni. Kibali kilitubana, tulipata dakika ishirini tu. Mafundi walikuwa wanaunda mtumbwi wa mbao, na mzee mmoja amekaa kivulini anashona nyavu. Watoto wetu wakamwambia "Jambo, baba!" kwa namna yetu. Sisi walimu tukaona aibu, kwa sababu huku mzee husalimiwa shikamoo. Tukaitoa haraka. Akaitikia "Marahaba," kisha akasimamisha sindano yake, akawaangalia watoto. "Semeni tena," alisema. Mmoja akamwambia: "Baba, sisi tunatoka kule ku kambi." Mzee akacheka mpaka akafuta macho. "Hivyo ndivyo alivyokuwa anasema bibi yangu. Yeye alitoka ng'ambo, Manyema. Alikufa hajawahi kurudi." Akauliza wazazi wa watoto wanatoka wapi, na kila mmoja akataja: Fizi, Uvira, Baraka, Kalemie. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayehesabu ndugu.

Yule msichana aliyeuliza habari ya rangi ya ziwa alijaza maji katika chupa ya soda. Hatukumuuliza. Tulipofika nyumbani alimpelekea bibi yake. Bibi alinawa uso kwa maji yale, yakabaki nusu, na nusu hiyo ameiweka.

Sasa tuseme na jambo ambalo halikutufurahisha. Katika gari, wakati wa kurudi, tulisikia maneno nyuma. Wanafunzi wawili walikuwa wanamwambia mwenzao, mtoto wa familia ya Kiislamu: "Babu zako ndio waliuza babu zetu." Yule mtoto hakujibu. Alivuta kofia yake akaitia mfukoni. Tulisimamisha nyimbo, lakini kusema kweli hata sisi hatukuwa na maneno mazuri ya kusema. Tulikuwa tumeandaa chakula, maji, na orodha ya majina. Hilo hatukuliandaa.

Siku ya Jumatatu baba mmoja alikuja shuleni akiwa na hasira. Alisema: "Hapa kambini tunakaa mlango kwa mlango. Mnawapeleka watoto kuchimba makaburi ya nini?" Tulimpa kiti, tukamsikiliza mpaka mwisho. Hofu yake si ya bure. Wengi wetu tuko hapa kwa sababu mtu fulani aliambiwa kwamba jirani yake ni mtoto wa adui.

Basi tukaomba wazee wawili, mmoja wa msikitini na mmoja wa kanisani, waje pamoja darasani. Mzee wa msikitini hakukataa kitu. Alisema: ni kweli, wafanyabiashara kutoka pwani walikuwepo, na wengi walikuwa Waislamu. Akaongeza kwamba wako pia watemi wa bara waliouza mateka wao wa vita, na kwamba yeye mwenyewe, ukoo wake ulisilimu kwa sababu bibi mzaa bibi alikuwa mtumwa ndani ya nyumba ya Kiislamu. "Sasa mimi nimkamate nani? Nijikamate mwenyewe?" Watoto walicheka, na yule mtoto wa kofia alicheka pia. Mzee wa kanisani akasema neno moja tu, kwamba Kiswahili tunachosalia, tunachobishania na kuombea chumvi kwa jirani kilivuka ziwa kwa njia ile ile ya misafara, na leo ni moja kati ya lugha nne za taifa za Kongo. Njia ilikuwa mbaya, lakini lugha tumeishika. Yule baba mwenye hasira alikuwa amesimama mlangoni. Aliondoka bila kusema, ila Jumamosi iliyofuata alirudi, na hakuja mikono mitupu. Alileta bulletini yake ya shule ya msingi ya Uvira, karatasi imekunjika mara nne.

Hivyo ndivyo darasa la Jumamosi lilivyoanza, na tangazo letu ndilo hili. Kila Jumamosi ya mwezi huu na ujao, saa nane mchana, katika chumba cha darasa la sita, kuna saa mbili za historia yetu. Mzee mmoja anasimulia, watoto wanauliza na kuandika. Leteni kitu kimoja cha zamani mkionyeshe, halafu mrudi nacho nyumbani. Hatuna kabati wala kufuli, kwa hiyo hatutunzi mali ya mtu. Mpaka sasa tumeona sindano ya kushonea nyavu, kibuyu cha mawese, na ile bulletini. Jumamosi ijayo tutazungumza habari za meli Liemba. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikashushwa majini Kigoma mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikarudi kazini 1927. Mwaka 1997 ilirudisha Wakongo wengi kwao, na mwezi wa tano 2015 ilichukua ndugu zetu Warundi kutoka Kagunga. Kama uliipanda, tafadhali njoo. Hakuna kitabu kinachojua ulikaa upande gani na ulishika nini mkononi.

Maswali 49 yote tumeyabandika ukutani pamoja na majibu. Kumi na moja bado hayana jibu, na tumeyaacha na nafasi chini yake. Moja linasema: "Waliofika Ujiji kutoka kwetu, waliruhusiwa kutoka nje ya kambi?" Aliyeandika alifikiri nao walikuwa kambini. Hatukumsahihisha. Tumemwambia aje Jumamosi amuulize mzee.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea, darasa la sita. Mungu awalinde.