Futa Jina Kabla ya Kuachilia Seva

Wiki jana saa tatu usiku mama mmoja ninayemsimamia tovuti alinipigia. Anauza vitambaa Eastleigh. "Kijana wangu, tangu lini nikaanza biashara ya kamari?"

Nilidhani ni mzaha. Nikafungua anwani ya duka lake la zamani: mechi za kubeti, juu mpaka chini. Na jina ni lake.

Wasee, hakuna mtu alidukua kitu. Ni mimi nilisahau kufunga mlango.

Iko hivi. DNS ni kama kitabu cha namba za simu. Unaandika jina, yenyewe inakupa namba ya seva, yaani IP. Miaka miwili iliyopita nilikodisha seva ndogo, nikaweka duka la majaribio, nikaandika rekodi ya kuelekeza jina huko. Duka lilipohamia kwingine, nikaacha kulipia seva. Rekodi nikaiacha vile vile. Lakini ile IP haikutupwa, ilipewa mteja mwingine.

Ni sawa na kumtumia mjomba M-Pesa kwa laini aliyoacha kitambo, kumbe sasa ni ya mtu mwingine. Afadhali M-Pesa, jina la anayepokea utaliona. DNS inakupeleka tu.

Kilichoninyima usingizi hata si kamari. Aliye na hiyo seva angeweza kuomba cheti halali cha jina la mama, kufuli ya brauza ionekane poa, aweke ukurasa wa kuingia unaofanana na wake. Wateja wangempa paswadi zao wenyewe.

Nilifuta rekodi usiku huo huo. Asubuhi mteja mwingine bado alikuwa anaona kamari, kwa sababu TTL niliiweka sekunde 86,400. Hiyo ni siku nzima ambayo seva za watu zinaweza kukumbuka jibu la zamani.

Kisha nikakaa chini na rekodi zote. Kwanza nikahifadhi nakala. Kila IP nikauliza: hii seva bado tunailipia? Zilizokufa nikafuta moja moja. Za MX sikugusa bila kumuuliza mama, maana ndizo huleta barua pepe, na ukizifuta kwa pupa oda hazifiki.

Nilimwambia ukweli kwamba kosa ni langu. Hakufoka. Aliuliza tu, "Na za wateja wako wengine?"

Nikaenda kuangalia. Nikapata nyingine tatu.

Kwa hivyo kama unatengenezea watu tovuti, shika hii: futa rekodi kwanza, ngoja TTL iishe, ndio uachilie seva. Si kinyume.

Watu husema niliacha chuo kwa sababu sijui kumaliza vitu. Ya chuo tutabishana siku nyingine. Ya rekodi nimekubali.