Sabufa na Jirani wa Zamu ya Usiku
Likizo zangu nazipitisha Katoro, Geita, nikifunga sabufa kwenye vyumba vya kupanga. Boom ikikata, hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Wateja wangu wengi ni wachimbaji.

Karibu kila mmoja anataka sabufa ikae kwenye kona. Hajakosea: kona huongeza mdundo bila kugusa kitufe. Lakini wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7. Chumba cha futi 10 kwa 10 hakilimezi, na ukuta wa tofali haulizuii vya kutosha. Nyuma ya ukuta huo amelala mtu aliyetoka shimoni alfajiri, na usiku anashuka tena. Asipolala, anashuka na kichwa kizito, na shimo halina huruma.

Kwa hiyo naitoa kwenye kona, naisogeza mbali na ukuta wa jirani, naikalisha juu ya vipande vya tairi, kisha besi naishusha hadi katikati.

"Dogo, mbona haitingishi?"

Namwambia akae kwenye kiti chake asikilize. Halafu namuuliza: "Kaka, wiki ijayo wewe unaingia mchana au usiku?"