Mlinzi Hakuwa na Kosa

Bomba lililopasuka shambani kule Bunda, upande wa Ghuba ya Speke, nililipasua mimi. Mlinzi aliyefukuzwa hakuwa na hatia. Mimi ndiye niliyemwambia mwenye shamba kwamba kijana yule anazima pampu kwa pupa.

Pampu ilivuta maji ziwani na kuyapandisha kwenye tangi kilimani. Mbele yake nilifunga chekivalvu ya kibao kimoja niliyoinunua Musoma. Ndani yake kibao cha chuma kimening'inia kwenye bawaba: maji yakisukumwa kinanyanyuka, pampu ikisimama kinashuka na kuziba njia ili maji yasirudi. Ni valvu nzuri mahali pa utulivu, maana ikifunguka haibani mkondo. Lakini kibao kina safari ndefu. Kwenye bomba linalopanda mlima, pampu ikizimika maji hugeuka upesi. Kibao huchelewa, halafu hubamizwa na maji yanayorudi kwa kasi.

Nikolai Zhukovsky, Mrusi, alilichunguza jambo hili jijini Moscow mwishoni mwa karne ya 19. Katika bomba la chuma, maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde yakikatizwa ghafla huzidisha shinikizo kwa baa 10 hivi, sawa na kubebeshwa maji ya kimo cha mita 100.

Kishindo tulikisikia hata usiku, umeme ukikatika wenyewe na mlinzi hajagusa swichi. Hilo peke yake lilitosha kumtoa lawamani. Nilinyamaza.

Ilifaa nifunge chekivalvu ya springi, ambayo diski yake husogea kidogo tu na kuwahi kufunga, au ya mabawa mawili yenye springi. Ipo pia ya diski inayoinama juu ya mhimili ulio karibu na kati yake. Hata ya kibao ingevumilika kama ingekuwa na mkono wa uzito na silinda ya mafuta ya kutuliza pigo. Nilizifahamu zote. Niliogopa kutaja bei, nikihofia kunyang'anywa kazi.

Nimemweleza mwenye shamba ukweli, na gharama nimelipa. Mlinzi nimemwomba radhi mbele ya mkewe. Kazi yake alikuwa amekwisha kupewa mtu mwingine.

Mafundi wenzangu, iwe mnapandisha maji kutoka Mugango kwenda Butiama au kwenye shamba dogo la nyanya, ulizeni kwanza tangi liko juu kiasi gani na umeme hukatika mara ngapi. Mkishajua hayo, ndipo mwende dukani kuchagua valvu.