Suti ya Mwezi Ilishonwa na Watu wa Sidiria

Wacha nianze na kitu ambacho huenda hukufunzwa shule. Ile suti nyeupe Neil Armstrong alivaa akikanyaga mwezi Julai 1969 ilitengenezwa na watu wa sidiria. Soma tena, hujakosea. Kampuni ilikuwa inaitwa International Latex Corporation, huko Dover, jimbo la Delaware, Marekani, na watu waliijua kwa sidiria na mikanda ya kubana tumbo za Playtex. Mwaka wa 1965 NASA iliweka shindano la suti, na hawa wa sidiria wakabwaga kampuni zenye majina makubwa kwa mambo ya ndege na mavazi ya marubani.

Ukishawahi kukaa karibu na fundi wa nguo, hiyo haikushangazi sana. Suti ya anga ni puto lenye mikono na miguu. Ukijaza hewa, inakauka kama tyubu ya baiskeli iliyopigwa pampu. Machi 1965 Mrusi Alexei Leonov alitoka nje ya chombo, binadamu wa kwanza kufanya hivyo, na suti yake ikafura mpaka kurudi ndani ikawa balaa. Ilibidi apunguze hewa ya suti akiwa huko huko nje ndiyo aingie. Kwa hivyo NASA ilihitaji mtu anayejua kufunga mwili kwa kitu kinachobana, na bado mwenye mwili aweze kuinama, kupanda ngazi na kuokota jiwe. Sasa niambie, nani ana uzoefu huo kuliko mtu wa sidiria?

Walioshona walikuwa wanawake kama Eleanor Foraker na Hazel Fellows, wameketi kwa cherehani. Safu 21 za vitambaa na mpira. Mshono haukuruhusiwa kupotoka zaidi ya sehemu moja ya 64 ya inchi, hiyo ni chini ya nusu milimita. Pini moja ikisahaulika katikati ya safu inaweza kutoboa ile inayoshika hewa, na aliyeivaa ako mwezini, jua linachoma nyuzi 120. Hapo hakuna kurudisha nguo kwa fundi Jumamosi.

Mimi nimeshona yangu. Niweke wazi mapema: ni ya kuigiza, ukiivaa angani unaenda na maji. Lakini kwa macho, manze, inakaa. Nyumba yangu ni bedsita, kwa hivyo kwa wiki sita nililala na mguu mmoja wa mwanaanga ukining'inia juu ya kitanda. Kitambaa ni drili nyeupe, ile ya makoti ya maabara, mita saba kwa 300 kila mita. Ndani nimeweka blanketi mbili za mitumba kutoka Gikomba ili suti ionekane imevimba. Kofia ni chupa ya maji ya lita 20, imekatwa chini, na mbele nimebandika tinti ya gari ya rangi ya dhahabu. Ya ukweli ilikuwa na dhahabu yenyewe, imepakwa nyembamba sana, ya kuzuia jua. Mabomba ya kifuani ni paipu za mashini ya kufua. Mkoba wa mgongoni ni ile mikeka ya sponji ya watoto, imekatwa na kubandikwa. Ndani ya kofia kuna feni ndogo ya kompyuta inayotumia pawabanki, kwa sababu ukipumua dakika mbili humo unaona ukungu wa Limuru. Jumla: 6,000 bob.

Shida ilikuwa kwapa. Pateni niliyotoa kwa intaneti ilikuwa safi kwa picha, lakini ukiinua mkono suti yote inapanda na suruali inakukata mahali hupendi. Mathe akapita kuniona, akaiangalia kidogo, akaniambia, "Wewe kijana, hebu inua mkono." Nikainua. "Hii imekatwa kama shati. Mtu wa kazi hakatiwi kama shati." Akachukua makasi, akafungua mshono, akaweka kipande cha umbo la almasi pale kwapani, vile huwawekea mafundi wa gereji kwa ovaroli zao. Kwa magoti na viwiko akanionyesha kukunja marinda madogo madogo, marefu upande wa nje wa mkunjo na mafupi upande wa ndani, ili kiungo kijikunje bila kuvuta. Baadaye nikaona picha za viungo vya suti za Apollo. Ni mikunjo ya mpira, imepangana kama kodiani. Wazo ni moja. Mathe hajawahi kuziona.

Sasa sikiza, hapa ndipo nataka tuongee. Mathe ana kibanda, anashona yunifomu tangu kabla nizaliwe. Akiulizwa anafanya kazi gani, anasema, "Niko tu, nashona." Hiyo "tu" nimeiskia maisha yangu yote. Mimi nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo, nikaacha mwaka wa pili karo ilipokataa. Ukipiga hesabu, semista moja ilikuwa sawa na kupinda suruali 300. Miguu yake ndiyo ilikuwa inakanyaga hiyo cherehani ili mimi nifunzwe presha ni nini. Na kweli nilifunzwa: suti za Apollo zilishika karibu robo tu ya presha ya hewa tuliyo nayo usawa wa bahari, na hata hiyo robo inatosha kufanya mkono ugome kukunjika. Fomula niko nayo mpaka leo. Lakini dawa ya mkono kugoma ilikuwa kwa kibanda, na aliye nayo anajiita "tu".

Nilimwonyesha video ya wale wanawake wa Dover wakishona. Akaitazama yote bila kusema kitu. Mwisho akauliza swali moja: "Walilipwa vizuri?" Hakuuliza kuhusu mwezi.

Kuna wale wataniambia, sisi na mambo ya anga wapi na wapi. Buda, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwa nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano na setilaiti ya Wamarekani, sawa. Lakini ilirushwa Jamhuri Dei na ikaitwa Uhuru. Kwa hivyo hiyo ya "si ya kwetu" tuiache.

Wiki mbili zilizopita mama mmoja aliona suti yangu akataka tano za watoto, za sherehe ya shule. Nikamwachia Mathe aongee bei. Akasema 3,500 kila moja. Yule mama akacheka. "Si ni kushona tu?" Kwa kawaida hapo Mathe huteremka mpaka nusu. Siku hiyo alimwambia, pole pole, ni saa ngapi kukata, saa ngapi marinda, kitambaa ni pesa ngapi. Halafu akanyamaza. Yule mama akaenda. Jioni akapiga simu: atachukua mbili. Mbili si tano, na kodi ya kibanda haijui hadithi za mwezi. Lakini ni 7,000, na hakuna aliyeombwa msamaha kwa bei.

Ombi langu kwako ni dogo. Ukipeleka suruali kwa fundi, usimwambie ni kazi ya dakika mbili. Hizo dakika mbili amezisomea miaka ishirini. Akisema 150, toa 150. Na kama una mamako, shosho au anti mwenye cherehani imefunikwa kitambaa kwa kona ya nyumba, muombe akuonyeshe kwapa ya ovaroli inakatwa aje. Enda na daftari.