Kompyuta Ina Macho?



Watoto wetu wameigawa wiki mafungu mawili. Kompyuta ni za shule ya Jumatatu hadi Ijumaa, Kiswahili ni cha Jumamosi. Juzi, darasa la wakubwa, tulikuwa na maneno manne ubaoni: kuona, kutazama, kuangalia na kukagua. Nikachukua mfano kutoka kazi yangu ya unesi, na mfano huo ukatufikisha kiwandani.

Kabla sijavuta dawa ya sindano, huwa nakiinua kichupa kwenye mwanga. Natafuta ufa, dawa iliyobadilika rangi, uzi wa kitambaa, au kipande cha kioo chembamba kuliko unywele. Dawa ya kumeza hupita tumboni, na tumbo lina namna yake ya kujilinda. Ya kudunga mshipani huingia kwenye damu moja kwa moja, na chembe ngumu inaweza kwenda kukwama katika mishipa midogo ya mapafu. Ndiyo maana hapa Uingereza na Ulaya nzima kanuni haziruhusu kiwanda kuchagua vichupa vichache tu na kuvipima kwa niaba ya vingine. Kila kimoja hukaguliwa.

Kwa muda mrefu kazi hiyo imekuwa ya jicho la mtu, na viwanda vingi bado ni hivyo. Mkaguzi hukaa mbele ya kibanda chenye taa ya laksi 2,000 hadi 3,750, mwanga mkali mara kadhaa kuliko wa ofisini. Hukizungusha kichupa taratibu, sekunde 5 mbele ya ubao mweusi, sekunde 5 mbele ya ubao mweupe. Weusi hukionyesha kioo kinachometa, weupe huonyesha uchafu wenye rangi ya giza. Macho ya mkaguzi hupimwa kila mwaka, na lazima apumzishwe mara kwa mara. Mama wa mwanafunzi wetu mmoja anafanya kazi hiyo, na ameniruhusu niiandike bila kumtaja. Anasema usiku akifumba macho bado anaviona vichupa vikizunguka.

Sasa zimekuja kamera. Mashine hukizungusha kichupa kwa kasi, halafu hukisimamisha ghafla. Kioo kimesimama, lakini dawa ndani bado inazunguka, kama chai uliyoikoroga kisha ukatoa kijiko. Kamera hupiga picha nyingi mfululizo na kompyuta huzilinganisha. Alama isiyosogea ni mkwaruzo kwenye kioo. Inayosogea imo ndani ya dawa. Tulijaribu darasani kwa glasi ya maji na majani ya chai, na samahani kwa aliyekuta meza imelowa.

Kinachoisumbua mashine ni viputo vya hewa. Kiputo nacho husogea na kumeta. Mashine za mwanzo zilifuata kanuni alizoziandika mhandisi: kitu cha ukubwa fulani, chenye mng'ao fulani, kitupwe. Basi dawa nzuri ikawa inatupwa pamoja na mbaya. Siku hizi kompyuta hufundishwa kwa picha nyingi sana, hiki kiputo, hiki kioo, hadi ianze kutofautisha yenyewe. Hiyo ni sehemu ya kile tunachokiita akili mnemba. Kiputo hupanda juu, kioo huzama. Lakini picha hizo haziji na majina yake. Huwekewa na watu waliokwisha kuviona vichupa vibovu kwa macho yao.

Hapo ndipo mama yule alipo kwa sasa. Kiwanda chao kimeleta mashine, na saa za kazi za baadhi ya wenzake zimepunguzwa. Yeye amepewa vichupa ambavyo mashine imevitilia shaka, avitazame upya. Aliniuliza kama nadhani atabaki. Sikuwa na jibu la kumpa, na sitajifanya ninalo hapa.

Nilichomweleza ni habari ya Julius Knapp na Harold Kushner, ambao mwaka 1980 waliandika juu ya jambo ambalo yeye analijua kwa mikono yake. Mpe mtu kichupa kilekile mara nyingi, na hatatoa jibu moja kila mara. Chembe ndogo ataikamata leo, kesho itampita. Kwa hiyo walipendekeza kuhesabu: kichupa ambacho watu wanakikataa angalau mara 7 katika kila 10, hicho ndicho ambacho mashine nayo inapaswa kukikataa, kwa kiwango hicho au zaidi. Yaani mtihani wa mashine hutungwa kwa jicho la binadamu. Aliposikia hivyo alicheka, akasema basi wangemlipa ada ya ualimu.

Wako watoto darasani wanaotaka kuunda programu kama hizo, na mimi nawatakia heri. Ila mtoto anayetaka kuifundisha kompyuta kukagua, kwanza akakae karibu na mtu aliyekagua miaka.

Jumamosi ijayo mama huyo atatutembelea saa nne asubuhi. Kila mwanafunzi wa darasa la wakubwa aje na maswali matatu ya kumuuliza, yaliyoandikwa kwa Kiswahili. Wazazi, tafadhali msiwaandikie.