Waliokataa Kungoja

Sisi tuliokulia Baringo tulifunzwa kungoja. Habari za mgonjwa zilitufikia akishazikwa. Mzazi aliyetaka kumpigia mwanawe simu alifunga safari hadi posta, akaketi kwenye benchi mpaka aitwe.

Wala si kwamba setilaiti hazikuwapo. Kituo cha mawasiliano ya setilaiti cha Longonot kilifunguliwa mwaka 1970, dishi lake kubwa likielekezwa kwenye chombo kilicho kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Nairobi ikazungumza na London, huku wafugaji waliochunga chini ya Mlima Longonot hawakuwa na simu. Mwaka 1992 nchi za Afrika zikaunda shirika la RASCOM, ili setilaiti yetu wenyewe ifikishe simu vijijini. Ilirushwa Desemba 2007, gesi yake ya heliamu ikavuja, na mbadala wake ukarushwa 2010. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 1992 alikuwa keshafikia umri wa kuchukua kitambulisho.

Wajukuu zetu hawana subira hiyo, na mimi nawasifu kwa hilo. Huduma ya intaneti ya setilaiti ya Starlink ilipoingia Kenya Julai 2023, hawakungoja baraza la chifu. Walichanga, wakanunua dishi, wakalifunga juu ya bati la duka na kulitilia umeme wa sola. Setilaiti hizi hupita chini zaidi, kilomita 550 hivi, ndiyo maana muuguzi wa zahanati yetu anaweza kumwonyesha daktari wa mjini kidonda na kujibiwa papo hapo. Jioni wasichana waliomaliza kidato cha nne huketi juu ya magunia ya mahindi, simu mkononi, wakijaza maombi ya chuo. Zamani ilibidi wapande matatu hadi saiba ya mjini. Nauli ikikosekana, tarehe ya mwisho iliwapita hivi hivi.

Wazee wenzangu hulalamika kwamba watoto hawaji tena kusikiliza hadithi. Wangu huja, lakini huja na maswali.

Kinachoniuma ni malipo ya kila mwezi. Mchango ukipungua, huduma hukatwa, na muuguzi hurudi gizani pamoja na wauza duka. Zahanati na shule zilistahili kuunganishwa kwa kodi tunayolipa. Vijana wamemwandikia mwakilishi wadi barua wakidai hilo, na wamempa wiki mbili awajibu. Kuna waliosema wamekosa adabu. Mimi nimetia sahihi yangu chini ya zao.